Kwenu wauza vitabu wa Nairobi

Wanangu wa madukani, na nyinyi wa inama mnaotandaza vitabu kando ya barabara,

Waziri amesema hahusiki na kitabu kilichotoweka madukani mwenu. Hakutoa amri, hakumpigia mtu simu, na kitabu chenyewe hajakisoma. Nanyi tangu juzi mnabishana kama anasema kweli. Mimi nimepita katikati ya jiji, Moi Avenue hadi Tom Mboya, nakiulizia. Mmoja kaniambia kimekwisha. Mwingine kaapa hajapata kukiona, na jalada lake likichungulia chini ya kaunta.

Basi niambieni, nani aliwaamuru?

Mwaka 1969 mshairi Abdilatif Abdalla alifungwa miaka 3 kwa waraka wa kuihoji serikali. Hukumu ilisomwa mahakamani, watu wakaisikia. Mwaka 1987 polisi waliizoa Matigari, riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, madukani, na kila mtu alijua aliyewatuma. Ilipofika 2009, Michela Wrong akatoa kitabu kuhusu John Githongo, ofisa wa serikali aliyefichua wizi wa Anglo Leasing, kashfa ya mikataba hewa ya serikali. Hicho hakikupigwa marufuku. Maduka mengi ya hapa yaliogopa kushtakiwa, yakakinyima rafu, kikaishia mikononi mwa wachuuzi barabarani. Ya nini tena waziri apige simu? Mmeshajipigia wenyewe! Halafu yeye anasimama mbele ya kamera, mikono myeupe, na huenda hata hadanganyi.

Najua hofu yenu, wanangu. Kodi ya duka haingoji, na sheria ya kuchafuliana majina, Sura ya 36, humfikia hata muuzaji. Siwaambii mfunge biashara kwa ajili ya mwandishi mmoja. Lakini mtu aliyechafuliwa jina huleta barua ya wakili. Mmeipata? Mahakama imetoa zuio? Kama hakuna, mnamtii nani?

Na nyinyi wasomaji msicheke. Mnasambaza nakala za wizi za kitabu hicho kwenye WhatsApp, mnajiita wapigania haki, na mwandishi hapati hata nauli ya matatu. Nchi hii hupenda ukweli wa bure.

Mengine nitayasema kwa ufupi. Ukipigiwa simu ya vitisho, andika namba na saa. Ukiambiwa kuna amri, omba uione kwa maandishi. Ibara ya 33 ya Katiba inalinda uhuru wa kutafuta na kutoa habari na mawazo, na tangu 2016 kuna sheria ya kudai taarifa kwa ofisi za umma. Agizeni kitabu kwa pamoja, wakili mmoja mumchangie. Wa inama nao wasiachwe nje ya mchango huo, maana wao ndio hukamatwa kwanza. Askari wa kanjo, yaani wa jiji, akija kuzoa vitabu, mwulizeni mbele ya wateja: anadai leseni, au anatafuta jalada?

Mzee wenu wa vitabu