Likizo ndefu isiwafanye watoto wasahau kusoma

Mhariri,

Likizo ya mwisho wa mwaka hapa Uganda huanza Desemba na kufika hadi mwanzoni mwa Februari. Kwa mtoto wa darasa la pili ambaye ndiyo kwanza anaunganisha silabi, muda huo unatosha kumrudisha nyuma. Uchungu wa mapumziko marefu tunaujua: shule zilipofungwa Machi 2020, hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022, na wapo watoto ambao hawakurudi kabisa.

Siombi masomo ya kulipia. Mtoto anahitaji kupumzika, na wazazi wengi wakati huo wanahangaikia karo ya muhula wa kwanza. Naomba nusu saa tu kila siku ya kusoma kwa sauti, iwe kwa Kiswahili, Lusoga au Kiingereza. Akitumwa dukani, aandike mwenyewe orodha ya vitu na ahesabu chenji. Bibi akisimulia hadithi jioni, mjukuu aiandike kesho yake, kisha amsomee bibi asahihishe palipokosewa. Zoezi hili nalipenda kuliko yote, maana hadithi zenyewe zinapotea.

Kikwazo ni vitabu. Shule nyingi huvifungia kabatini muhula ukiisha, wakati nyumbani hakuna hata kimoja. Walimu wakuu, tafadhali, waazimeni watoto kitabu kimoja kimoja. Mzazi atie sahihi, na kirudishwe siku ya kufungua shule.

Mzazi,
Jinja