Ada ipande na kushuka, lakini barua ya mtaa hapana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika humu kuhusu ada za washauri nasaha. Alisema bei iwe moja kwa kila mtu, kama nauli ya daladala, na asiyeweza aende kwa mwenyekiti wa mtaa wake akaandikiwe barua ya kuthibitisha kuwa hana uwezo. Sina ugomvi naye, naona ni mtu anayetaka mambo yaende kwa utaratibu. Ila hiyo barua mimi nimeshaifuata kwa miguu yangu, na najua ilinifikisha wapi.

Nauza dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka wa kumi na tisa huu. Nanunua mwaloni alfajiri mitumbwi ikirudi, naanika kwenye chanja, nafunga magunia, yanaondoka na lori. Mwishoni mwa 2023 kijana wangu mmoja (kama ni wa kwanza au kitinda mimba, hilo niachieni) alikuwa ziwani usiku upepo ulipogeuka. Walitoka watano, wakarudi wanne. Aliyebaki majini alikuwa rafiki yake tangu madrasa.

Mwanzoni tulimwacha, tukasema ni msiba, utapoa. Arobaini ikapita na bado halali. Usiku anakaa mlangoni na ile taa ya betri ya kuvulia, anaiwasha, anaizima, anaiwasha, anaizima. Ukimuuliza anasema anaangalia chaji. Nilipomwambia kuna watu wa kuzungumza nao, wamesomea kazi hiyo, akanitazama: "Mama, unanipeleka Mirembe?" Huku kwetu ukitaja tu akili, mtu anaiona ile hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma na geti lake.

Tukaenda kwenye chumba kimoja cha ushauri mjini, sitakitaja. Ada 40,000 kwa kikao cha saa moja. Wakati ule kadi ya CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, ilikuwa 30,000 kwa kaya ya watu sita, mwaka mzima. Saa moja ya kijana wangu ilizidi mwaka wa nyumba nzima! Sisemi yule mshauri ni mwizi, kasoma, analipa pango, analipa umeme. Nilikopa, tukaenda mara mbili, na haki ya Mungu baada ya ile ya pili alilala usiku mmoja mpaka kumepambazuka. Mara ya tatu sikuwa nayo. Nikaomba nipunguziwe. Dada wa mapokezi akanijibu, na benchi limejaa watu, nikalete barua ya mtaa.

Nikaenda. Mwandishi wa barua hawezi kuandika bila kujua ni ya nini, hilo simlaumu. Nikazungusha maneno, nikasema ni ya matibabu. Matibabu gani? Ya nani? Wapi? Nyuma yangu walikuwa watu watatu, mmoja ni mteja wangu. Nikasema. Muhuri ukagongwa. Kesho yake nikiwa naanua dagaa, mvua imeshatanda upande wa Kongo, mama mmoja akanivuta pembeni kunipa pole kwa kijana "kuchanganyikiwa", na akanielekeza kwa mganga wake. Kijana alizipata habari kabla ya magharibi. Akagoma kurudi. Barua ninayo mpaka leo ndani ya sanduku, haijafunuliwa.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kweli kabisa, lakini hawakusema maradhi yakasomwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa.

Huyo msomaji atasema mbona msamaha wa hospitali ndivyo ulivyo, unaanza mtaani unakwenda ustawi wa jamii. Mbona TASAF, ule mfuko wa kusaidia kaya maskini, majina ya kaya hupitishwa kwenye mkutano wa hadhara, kila mtu anasikia. Ni kweli, na kwa hela ya chakula nakubali, kwa sababu anayejua kama jiko lako linawaka ni jirani. Mguu uliovunjika nao hauna siri, bandeji inaonekana. Hili la kijana wangu lilikuwa linaishi kwa kufichwa. Ukilitoa nje ili upate punguzo, umeshamfukuza mgonjwa kabla hajafika.

Mwezi Aprili 2024 nikasikia habari za mshauri mwingine, binti mdogo tu, angeweza kuwa wangu wa kumzaa. Nilikwenda peke yangu kwanza, kupeleleza. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia, akanikalisha. Mezani ana karatasi iliyopakwa plastiki. Hakuniuliza mshahara, maana mimi na mshahara wapi na wapi. Aliniuliza, "Mama, sufuria yako inalisha wangapi?" Nikasema tisa. "Na hela inaingia kila siku, au kwa msimu?" Kisha akaigeuza ile karatasi inielekee mimi. Mistari minne: 40,000, 20,000, 10,000, 3,000, na chini ya kila mmoja maneno machache ya kueleza ni nani anafaa hapo. Akasema, "Weka kidole." Halafu akainuka akaenda dirishani kumimina maji kwenye glasi, akanipa mgongo.

Ule mgongo, Mhariri, sijausahau. Kidole changu kilikuwa kinanuka dagaa, kucha ina magamba, nacho kikaenda kwenye 20,000. Uongo mtupu! Sikuwa na uwezo huo. Aliporudi akakiangalia kidole, akaangalia kanga yangu, akasema, "Mama, sufuria ya watu tisa?" Akakisogeza mwenyewe mpaka 10,000.

Hapo ndipo nawajibu wanaosema bila barua watu watadanganya. Wapo, sikatai. Mimi nakopesha dagaa, na kila msimu kuna anayezima simu. Lakini watu wanaogopa tajiri atakayejishusha, na hakuna aliyenionya juu ya maskini anayejipandisha kwa aibu. Huyo atalipa mara mbili kwa kujinyima, ya tatu hamtamwona tena, na mtasema hakuwa na nia ya kupona.

Na hoja ya bei moja kama nauli. Ndugu yangu, ndani ya daladala hiyo hiyo mwanafunzi analipa yake na wewe unalipa yako, na gari halijawahi kugoma kuondoka. Treni ya kati ina daraja la kwanza, la pili na la tatu, wote wanashuka Kigoma saa ile ile. Kwa yule mshauri binti ni bora zaidi ya treni, kwa sababu wa daraja la tatu anakaa kiti kile kile, saa nzima ile ile. Bahasha za malipo zote rangi moja, zinatumbukizwa kwenye boksi. Wa mapokezi hajui nani katoa nini.

Wenzangu wa sokoni wao wana swali jingine: kwa nini ziandikwe ngazi, si mtu apatane tu? Huku kila kitu tunapatana. Lakini kupatana bei ni kazi ya mtu mzima wa akili na mwili. Mimi asubuhi nikiwa nimelala vizuri sikupunguzii hata mia kwenye sado. Siku nilipofiwa na mama yangu niliuza gunia zima kwa bei ya kwanza niliyotajiwa. Mtu anayekwenda kwa mshauri yuko katika hali hiyo kila siku. Ile karatasi inampatania bei kabla hajafungua mdomo.

Nilimuuliza yule binti anaishije sasa. Akanieleza bila kuficha. Wanaolipa 40,000 wapo, wa mabenki, wa mashirika yanayohudumia wakimbizi huko Kasulu na Kibondo, na hao ndio wanaobeba pango. Nafasi za mistari ya chini ni tano tu kwa wiki. Zikijaa unasubiri. Sisi tulisubiri wiki tatu kabla ya kikao cha kwanza, na zilikuwa ndefu. Kwa hiyo sitaki mtu adhani nasifia peponi. Naye anachoka, nimemwona.

Kuna jambo moja ambalo wataalamu wa mjini hawalijui, nalo ni mwezi. Dagaa hufuata taa. Mwezi ukikaribia kujaa, taa haina kazi, mitumbwi inalala ufukweni wiki nzima na zaidi, na nyumba zetu zinalala nayo. Mvuvi yule yule ni wa 20,000 kwenye giza na wa 3,000 kwenye mbalamwezi. Ukimpima mara moja ukaandika kwenye faili, umempima nusu. Na mwaka ule ndio serikali ilifunga ziwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wapate kuzaliana. Sibishani na kufungwa kwa ziwa. Ila kijana wangu alikuwa ndiyo kwanza ameanza kufungua mdomo, kikao cha nne, na mimi chanja zangu zimekauka, hazina hata dagaa wa kulisha paka. Nikampigia binti kumwambia tunasimama mpaka ziwa lifunguliwe. Akasema, "Mama, karatasi unaikumbuka? Shusha kidole." Tukashusha mpaka chini. Wiki ya kwanza ya Septemba nikakipandisha mwenyewe, sikuambiwa.

Wengine wataniuliza mbona nisidai iwe bure kabisa. Kijana ndiye alinikataza. Alisema akitoa hata hiyo 3,000 anaweza kumwambia mshauri "leo hukunisikiliza". Na aliwahi kumwambia.

Ninachoomba kwa wote wanaofungua vyumba hivi Kigoma, Ujiji, Kasulu: andikeni ngazi zenu, zigeuzeni zimwelekee mteja, mumpe mgongo kidogo. Muulizeni sufuria na mwezi. Kama hamna nafasi za chini semeni "subiri wiki tatu", tutasubiri. Barua ya mtaa mwacheni nayo mwenyekiti, ana kazi zake. Na wakubwa wanaopanga kifurushi cha bima kwa sheria ile ya bima ya afya kwa wote ya 2023, kama mtaingiza ushauri, angalieni kadi isije ikatupeleka kwenye foleni ile ile ya muhuri.

Kijana amerudi ziwani, si kila usiku. Taa anaiwasha akiwa mtumbwini tu. Kikao chetu kijacho ni Alhamisi, na kwa kuwa tuko kwenye giza na dagaa wametoka, nitaweka kidole kwenye mstari wa pili, na safari hii si uongo.

Jina langu na namba ya simu umeviona juu ya karatasi, Mhariri. Naomba usivichape.

Muuza dagaa,
Kibirizi, Kigoma.