Mikunjo ya Sura Yusuf: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Umeniambia umeichora Sura Yusuf ya Kurani kwa umbo la mviringo, yaani mambo ya mwanzo yakijibiwa na ya mwisho, ukakwama kwa kuwa hesabu za aya hazilingani. Wala usitaraji zilingane. Sura ina aya 111, kwa hiyo ya katikati kwa idadi ni ya 56, Yusuf alipopewa madaraka Misri. Kisa chenyewe kimegeuka kabla ya hapo, gerezani. Ulinganifu wa sura hii umo katika matukio na maneno, haumo katika idadi.

Wanabalagha, wataalamu wa ufasaha wa Kiarabu, wana istilahi ya laff na nashr, yaani kukunja na kukunjua. Ipo aina yake inayokunjua kinyumenyume: mkunjo wa mwisho hufunguliwa kwanza, kama unavyoifungua kanga. Ndoto ya Yusuf (4–6) ndiyo mkunjo wa kwanza. Inafuata hila ya ndugu zake (8–18), halafu mtego wa mke wa Aziz, yule mkubwa wa Misri aliyemnunua Yusuf, na wanawake wa mjini (23–34), halafu gereza (35–42). Aya ya 43 mfalme anaota, na kukunjua kunaanza. Gereza linafunguka, wanawake wanakiri (51), ndugu wanakiri (91), ndoto inatimia (100). Angalia lakini aya ya 50: mjumbe amefika, na Yusuf hatoki mpaka wale wanawake waliojikata mikono waulizwe. Mikunjo miwili hapo inafunguka kwa pamoja. Usiipange upya ili mchoro wako upendeze.

Sasa chukua karatasi, uipige mstari katikati. Kushoto andika namba za aya za kukunja, kulia za kukunjua, na kando ya kila namba andika maneno ya Kiarabu yenyewe. Usiandike kichwa ulichokitunga wewe. Wengi wanapotea hapa: ukiandika “huzuni” huku na “huzuni” kule, utapata jozi popote unapotaka, maana kichwa umekitunga wewe. Usihesabu pia maneno yanayojaa kila mahali, kama qaala, “alisema”. Tafuta kauli adimu. “Wa kadhaalika makkannaa li-Yuusufa fil-ardh” imo katika aya ya 21 na ya 56 tu: ya kwanza amenunuliwa mtumwa, ya pili amewekwa juu ya hazina za nchi. “Wa innaa lahu lahaafidhuun”, nasi tutamlinda, wanaisema ndugu katika aya ya 12 wakimwombea ruhusa Yusuf, na tena katika aya ya 63 wakimwombea ndugu yake. Katika aya ya 8 wanasema baba yao yumo katika upotofu ulio wazi. Katika aya ya 95 anaambiwa yumo katika upotofu wake wa zamani. Neno ni lile lile, dhalaal, na aya inayofuata inaonyesha nani alikuwa sahihi.

Fanya kazi hii juu ya musahafu, yaani Kurani ya Kiarabu yenyewe. Tarjuma ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy au ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani ikusaidie maana, lakini mfasiri yeyote anaweza kulitafsiri neno moja kwa maneno mawili tofauti ya Kiswahili kwa ajili ya ufasaha, na jozi ikakupotea.

Jozi ninayotaka ukae nayo zaidi ni ya aya 18 na 83. Mara zote mbili Yaaqub, baba yake Yusuf, anawaambia wanawe: “Bal sawwalat lakum anfusukum amran, fasabrun jamiil”, nafsi zenu zimekushawishini jambo, basi subira njema. Mara ya kwanza wamemletea kanzu yenye damu ya uongo. Mara ya pili wanasema kweli: kopo la mfalme limeonekana katika mzigo wa ndugu yao mdogo, naye amezuiliwa Misri. Rudi kwenye aya ya 17, walipodanganya: hutatuamini hata tukiwa wakweli. Katika aya ya 82 wanasisitiza kwamba wao ni wakweli, na baba anawajibu vile vile alivyowajibu siku ya uongo. Walilolitamka wenyewe limewarudia. Kisha soma mwisho wa kila aya, maana huko ndiko zinakoachana. Ya 18 inaishia kwa kumwomba Mwenyezi Mungu msaada. Ya 83 inaishia kwa tumaini la kuletewa wote pamoja, jamii‘an. Amepoteza mwana mwingine, na tumaini lake limekuwa kubwa zaidi. Ungezisoma moja moja usingeliona hilo.

Kanzu ni tatu: ya damu (18), iliyochanwa kwa nyuma (25–28), na iliyomrudishia Yaaqub macho (93–96). Ya kwanza na ya tatu ni jozi, zote zimepelekwa kwa baba na ndugu wale wale. Ya kati usiilazimishie kanzu mwenziwe. Iliuthibitisha usafi wa Yusuf, na kinacholingana nayo ni ungamo la mke wa Aziz katika aya ya 51.

Tahadhari na mipaka ya juzuu, zile sehemu thelathini za Kurani. Juzuu ya 13 inaanza aya ya 53, katikati kabisa ya maungamo hayo, na mwenye kugawa sura kwa juzuu anaukata mkunjo wake mwenyewe. Gawa kwa kubadilika mahali na wasemaji. Nani anasema aya 52 na 53, Yusuf au yule mwanamke, wafasiri wamehitilafiana. Mchoro wako usiutumie kuwahukumu.

Sehemu ya mwisho, 102–111, usiitupe kwa kuwa kisa kimekwisha. Inaitazama 1–3: neno qasas, yaani simulizi, limo katika aya ya 3 na ya 111.

Ukimaliza, linganisha aya ya 40 na ya 67. “Inil-hukmu illaa lillaah”, hukumu ni ya Mwenyezi Mungu tu. Mwana anaisema gerezani, baba anaisema akiwaaga wanawe, na wawili hao hawajaonana kwa miaka mingi. Mviringo hauna pa kuziweka. Ziandike pembeni ya karatasi, na uniletee hivyo hivyo.

Mzazi wako