Imani inayodumu haipimwi kwa kupona

Mhariri,

Nimesoma barua kadhaa kwenye ukurasa wenu wiki hizi kuhusu imani, na ile moja iliyosema mkristo mwenye imani ya kweli hawezi kuumwa muda mrefu wala kukosa alichoomba imenikaa moyoni mpaka usingizi ukakata, ndo maana naandika. Sitafuti ubishi. Nimemuuguza mama yangu miaka 3 akiwa kitandani na najua maneno kama hayo yanamfanya nini mgonjwa.

Alikuja mtumishi mmoja, sitamtaja, akamwekea mikono akaomba kwa sauti kubwa, akarudi mara ya pili, ya tatu, hali ikawa vilevile, basi akatuita sisi watoto pembeni akasema tatizo ni mama yenu mwenyewe, moyoni ana mashaka. Mama akasikia. Tangu siku hiyo akawa anajichunguza usiku kucha, ananiuliza mwanangu hivi kuna dhambi nimeisahau, kuna kitu sijamwambia Mungu? Mama ambaye tangu nimepata akili namkuta amepiga magoti kabla jua halijatoka. Mtu anaumwa mwili halafu mnaenda kumuumiza na roho, jamani.

Sasa nimuulize yule ndugu aliyeandika, imani ni nini hasa? Maana naona wengi wetu tumeifanya kama nguvu fulani ya ndani ambayo ukiikusanya ya kutosha Mungu lazima afanye, ikipungua kidogo tu hafanyi. Wakati neno lenyewe kwa Kiswahili chetu linatufundisha, sema tumelizoea mno hatulisikii tena. Imani, amini, mwaminifu, amana, yote ni mzizi mmoja. Amana ni kitu unachomkabidhi mtu unayemjua akutunzie, ukishamkabidhi usalama wake uko mikononi mwa aliyepokea, hata wewe ukienda zako na wasiwasi unatetemeka njia nzima kitu hakipotei kwa sababu ya kutetemeka kwako. Paulo akiwa kifungoni, anajua kabisa kufa kwake kumekaribia, anamwandikia Timotheo kwamba anamjua yeye aliyemwamini na ana hakika aweza kukilinda kile alichokiweka amana kwake hata siku ile (2 Timotheo 1:12). Hasemi najua imani yangu ilivyo kubwa. Anasema namjua yeye.

Na Kiebrania kina kitu kizuri sana hapo ambacho mi nilikijua nimeshakuwa mtu mzima. Neno emuna ambalo Habakuki analitumia aliposema mwenye haki ataishi kwa imani yake (2:4) ndo lilelile liko kwenye Kutoka 17, pale Waisraeli wanapigana na Waamaleki na Musa amechoka mikono aliyoiinua juu ili washinde, wakamwekea jiwe akakaa, Haruni huku na Huri kule wakaishikilia mikono yake, ikathibitika mpaka jua linazama. Huko kuthibitika ndo emuna. Yaani mzee amechoka, mikono inaanguka, wenzake wawili wanamshika mpaka jioni! Nilivyolisoma hilo niliwaza, sisi mama alipochoka tulitakiwa kumshika mikono, badala yake tukaanza kuipima.

Kuhusu imani ya kudumu Yesu mwenyewe aliweka wazi kwenye mfano wa mpanzi, Marko 4. Mbegu ya penye mwamba iliota haraka, na watu wake walilipokea neno mara moja kwa furaha. Kwa furaha kabisa. Kwa hiyo furaha ya kupokea, machozi ya siku ya kwanza, kuruka, kushuhudia, vyote vizuri lakini haviwezi kukuambia kama mizizi ipo, kwa sababu siku hiyo aliye na mizizi na asiye nayo wanafanana. Jua likishatoka ndo unajua, na Yesu anasema hilo jua ni dhiki na udhia kwa ajili ya lile neno. Angalieni pia jua liliwaka shamba zima, hakuna mahali imeandikwa udongo mzuri uliwekewa kivuli. Ndo maana nashindwa kuelewa fundisho linalomwambia mtu dhiki ikija ni dalili kwamba huna imani, wakati kwenye mfano dhiki ndo inaonesha kama unayo.

Halafu kuna Petro. Usiku wa kukamatwa Yesu alimwambia amemuombea ili imani yake isitindike, Luka 22, na saa chache baadae Petro akamkana mara 3. Hivi tuseme ombi la Yesu lilishindwa? Mi nasema hapana, imani iliyoombewa haikuwa kutoanguka kabisa, ilikuwa isife, na ndo maana sentensi hiyohiyo inaendelea na neno utakapoongoka, yaani alijua atarudi kabla hata hajaondoka. Yuda nae alijuta tusisahau, Mathayo anasema alirudisha vile vipande 30 vya fedha akakiri amesaliti damu isiyo na hatia, ila alirudi kwa makuhani, kwa Yesu hakurudi. Hilo huwa linaniuma sana kila nikilisoma.

Kanisa la mwanzo lilipitia jambo hilihili. Mwaka 250 kaisari Decius aliamuru watu watoe sadaka kwa miungu ya Roma na wapewe hati kwamba wametoa, wakristo wengi sana waliogopa wakatoa, wengine wakanunua hati tu bila kutoa. Askofu wa Karthago kule Afrika Kaskazini, Cyprian, yeye alijificha, na walikuwepo waliomlaumu kwa hilo. Mateso yalipopoa ikaja kazi ngumu, walioanguka wapokelewe au la, Novatian, padri wa Roma, akasema hapana milango ifungwe, kanisa kwa sehemu kubwa likasema wapokelewe kwa toba. Huyohuyo Cyprian aliyejificha mwaka 250, mwaka 258 alisimama mbele ya hakimu akakataa kutoa sadaka akakatwa kichwa. Ungempima ile mara ya kwanza ungeandika nini juu ya imani yake?

Msinielewe vibaya nasema kila kitu ni sawa. Yakobo anasema imani isipokuwa na matendo imekufa, na kwamba hata mashetani wanaamini Mungu ni mmoja na kutetemeka, kwa hiyo mtu akisema ameamini halafu miaka inapita bado anadhulumu, anatukana wazazi, hasamehi, hana hata haja ya kubadilika, hapo kuna swali la kuuliza na aulizwe kwa upendo. Mathayo 7 pia wapo wanaokuja siku ile na orodha ya unabii na pepo na miujiza wakaambiwa sikuwajua ninyi kamwe. Nataka wanaoshika sana miujiza kama kipimo wakae hapo kidogo maana kwenye orodha yao miujiza ilikuwepo, kilichokosekana ni kujulikana.

Najua kuna wale wa ukishaokoka huwezi kupotea na wale wa unaweza, hilo limebishaniwa tangu zamani, Wareformati, yaani Waprotestanti wanaofuata mafundisho ya Calvin, kwenye sinodi (mkutano mkuu wa kanisa) ya Dort kule Uholanzi 1618 na 1619 walisimamia kwamba Mungu anawahifadhi walio wake mpaka mwisho, na baadae John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, akafundisha kwamba mtu aweza kuiacha neema. Silimalizi mimi kwenye barua. Ila hata hao wote wawili hakuna aliyesema kipimo ni kupona.

Na kama yule ndugu anasema Biblia imejaa walioamini wakapokea, ni kweli, Waebrania 11 inawataja, waliofunga vinywa vya simba, waliozima nguvu za moto, wanawake waliopokea wafu wao wamefufuliwa. Lakini asiishie hapo, mstari wa 35 unakatika katikati, wengine wakaumizwa, wakapigwa kwa mawe, wakakatwa kwa misumeno, wakazunguka wamevaa ngozi za kondoo, halafu mstari wa 39 unasema hawa WOTE walishuhudiwa kwa sababu ya imani yao. Imani moja, mmoja simba amefungwa kinywa mwingine msumeno umepita. Na wale vijana watatu wa Danieli 3 walishasema mapema kabla ya tanuru, Mungu wetu aweza kutuokoa, bali kama si hivyo hatutaisujudia sanamu. Hilo neno bali kama si hivyo ndo nalitafuta kwenye mahubiri ya siku hizi silioni.

Mama alilipata. Miezi ya mwisho aliacha kujichunguza, sijui ni siku gani hasa, nilimkuta tu ametulia akaniomba nimsomee Habakuki mwishoni kabisa, pale mtini hauchanui maua na zizini hamna kundi la ng'ombe lakini nitamfurahia Bwana. Nikasoma. Akasema rudia. Nikarudia mara nyingi siku zile, kuna siku nasoma mwenyewe naamini nusu tu, yeye ananisikiliza macho yamefumba. Nilimwambia mama mi imani yangu imeisha, akanijibu basi leo tumia yangu. Alifariki bila kupona na nilikuwa nimemshika mkono.

Kwa hiyo mhariri kama nafasi ipo naomba yule ndugu anijibu jambo moja, na wenzake wanaofundisha hivyo pia. Barua ileile ya pili kwa Timotheo, sura ya 4, Paulo anataja watu wawili. Dema, aliyekuwa mtenda kazi mwenzake, anasema ameniacha akiupenda ulimwengu huu wa sasa, hatuambiwi popote kama alikuwa anaumwa, alikuwa na nguvu za kutosha za kusafiri mpaka Thesalonike. Na mstari wa 20 yupo Trofimo, ambaye Paulo anasema alimwacha Mileto hawezi, yaani mgonjwa, na Paulo huyo ndo ambaye leso zake ziliponya watu kwenye Matendo 19. Hamlaumu Trofimo kwa neno hata moja. Kwa kipimo chako ndugu yangu, kati ya hao wawili ni yupi ungemwita pembeni ukamwambia hana imani?

Msomaji wenu wa siku zote