Wanaougua bila kujua wanaugua nini

Mhariri,

Dada yangu ana bahasha ya kaki iliyochakaa pembeni. Ndani mna miaka 6 ya majibu ya vipimo, picha za eksirei na barua za rufaa, na hakuna hata karatasi moja inayotaja anaugua nini. Kila daktari mpya huanza upya: "Ilianza lini?"

Magonjwa adimu yanayojulikana ni zaidi ya 6,000. Hakuna daktari awezaye kuyabeba yote kichwani. Kompyuta inaweza kulinganisha dalili za mgonjwa mmoja na za wengine walio mbali, na kusaka hitilafu katika vinasaba vyake. Marekani ilianzisha mpango wa magonjwa yasiyotambulika mwaka 2008 chini ya taasisi yake ya afya, NIH, na wapo waliopata jibu baada ya kuhangaika miaka mingi.

Lakini mashine hailinganishi kisichoandikwa. Hospitali zitunze kumbukumbu kwa namna ambayo hospitali nyingine zitaweza kuzisoma, mgonjwa akiridhia na siri yake ikilindwa. Na majibu ya vinasaba yaliyokosa maelezo yapitiwe tena, maana jeni isiyoeleweka leo huenda ikaeleweka mwakani.

Bahasha ile dada huilalia chini ya mto.

Msomaji wako