Nyaraka za Zanzibar zipigwe picha pamoja na faharasa

Mhariri,

Hati na vitabu vya Kiarabu vilivyomo katika Nyaraka za Taifa Zanzibar viliingizwa mwaka 2003 katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia, lakini heshima hiyo haizuii unyevu wa pwani wala mchwa. Naunga mkono kuvihifadhi kidijitali, ila picha isiyo na faharasa haina tofauti na jalada lililopotea. Nimewahi kushika barua ya zamani ambayo wino ulikuwa umeila karatasi hata baadhi ya herufi zikabaki matundu. Maandishi ya namna hiyo yanahitaji msomaji mzoefu wa hati za Kiarabu, tena anayejua Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi hizo, aketi kando ya mashine ya kupigia picha tangu siku ya kwanza.

Msomaji,
Unguja