Barua kwa Salum: ile miaka 99 iliyo kwenye hati yako

Usa River, Arusha

Ndugu yangu Salum,

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo. Vuli imechelewa, lakini migomba bado ina rangi. Tende zilifika salama. Mama amezificha, anatugawia mbili mbili.

Hongera kwa hati ya kiwanja chako cha Kigamboni. Ila lile swali uliloandika pembeni ya karatasi, kama jambo dogo, nimezunguka nalo wiki nzima: "Kiwanja nimenunua, hela nimelipa, nyumba nimejenga. Hati inasema miaka 99, na kila mwaka nadaiwa kodi ya pango la ardhi. Mwenye nyumba wangu ni nani?" Katika kazi yangu ya usaidizi wa kisheria naulizwa hilo mara nyingi, na jibu fupi ninalo: ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais ameishika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi, nawe umepewa haki ya kuitumia kwa muda. Kwako siwezi kuishia hapo. Hiyo haki uliyopewa imetoka mbali, na njiani ilipita kwenye migongo ya watu wa kwetu.

Anza na Mjerumani. Novemba 1895 ilitoka amri ya Kaizari kwamba ardhi yote ya koloni lake huku isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Hebu rudia hayo maneno, "isiyo na mwenyewe". Mtu, chifu au jamii waliruhusiwa kudai kuwa ni yao, ila walitakiwa kuthibitisha, na mwenye karatasi alikuwa mlowezi. Mzee aliyerithi kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba, kwa babu yake, mpaka wake ukiwa ni masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka, yaliyopandwa na watu waliokwisha kufa, mbele ya amri ile alikuwa amekaa tu pale.

Mwingereza alipokuja akaandika ya kwake mwaka 1923. Sheria yake ilitangaza ardhi yote, inayokaliwa na isiyokaliwa, kuwa ardhi ya umma chini ya Gavana, itumike kwa manufaa ya wenyeji. Mtindo huo hakuubuni hapa. Aliutoa Nigeria ya Kaskazini, alikokwisha kutunga sheria ya namna hiyo mwaka 1910 na nyingine mwaka 1916. Gavana aliweza kumpa mwombaji ardhi kwa muda usiozidi miaka 99. Miaka yako 99 ndiyo hiyo, Salum. Imefika Kigamboni kutoka Nigeria kwa mkono wa Mwingereza.

Kuna jambo moja ambalo mimi huliwaza sana. Jina la haki ile kwa Kiingereza chao lilikuwa haki ya kukalia. Sisi kwa lugha yetu tunaiita hakimiliki. Kukalia na kumiliki si kitu kimoja. Hata mgeni hukalia kiti cha mwenyeji wake. Sidhani kama ni tafsiri iliyokosewa. Mimi naisikia ndani yake sauti ya watu ambao hawakukubali hata siku moja kwamba kwao wamekaa tu.

Mwaka 1928 sheria ilirekebishwa, ikasema wazi kwamba mwenyeji anayetumia ardhi kwa mila na desturi naye anayo haki hiyo. Kwenye karatasi ilipendeza. Waulize Wameru wa huku kwetu Arusha ilivyowafaa. Novemba 1951 serikali iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki ili walowezi wapate mahali pa kufugia. Nyumba zilichomwa. Watu wakachangishana, na mwaka 1952 Mmeru mwenzao, Kirilo Japhet, akasimama New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, lililosimamia nchi zilizowekwa chini ya udhamini kama Tanganyika, akaeleza yaliyowapata. Ardhi hawakurudishiwa wakati ule. Ngarenanyuki nakwenda mara kwa mara kwa kazi, na kila nikifika huwakumbuka waliotoa senti zao ili mmoja wao avuke bahari akaseme neno moja tu: hii ni yetu.

Mwaka 1958 Nyerere aliandika kupinga mpango wa kuruhusu ardhi imilikiwe moja kwa moja na kuuzwa kama nguo. Aliona kwamba wachache wenye fedha wangeinunua yote, na wengine wangebaki wapangaji wao. Mimi naamini aliona sawasawa. Ndiyo sababu mwaka 1963 umiliki usio na kikomo uligeuzwa kuwa upangaji wa serikali wa miaka 99, na mwaka 1969 ukaingizwa katika haki hii hii uliyonayo. Lakini chombo alichokitumia kutulinda ni kile kile cha Gavana, na hapo ndipo moyo wangu unapouma. Ufunguo ulibadili mkono, mlango ukabaki ule ule. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, ile ya serikali ya kuwakusanya watu vijijini, ilipohamisha watu, wengi walikuta mashamba yao ya mila yamegawiwa wengine bila hata kuulizwa.

Mzee mmoja wa Karatu, Lohay Akonaay, aliyelipata shamba lake mwaka 1943, akalipoteza katika operesheni hiyo, alikwenda mahakamani na mwanawe Joseph kulidai. Wakashinda. Mwaka 1992 Bunge likapitisha sheria ya kufuta haki za mila katika vijiji kama chao na kuzima kesi za namna hiyo. Hawakunyamaza. Shauri lilifika Mahakama ya Rufani, na Jaji Mkuu Francis Nyalali akaamua kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali, inalindwa na ibara ya 24 ya Katiba kama mali nyingine yoyote. Alisema kwa maana hii: ingekuwa si hivyo, basi karibu wananchi wote wangekuwa wavamizi katika nchi yao wenyewe. Niliisoma hukumu ile nikiwa kijana, nikaiweka mezani, nikatoka nje kutembea.

Baadaye zikatungwa sheria mbili za 1999, ya Ardhi na ya Ardhi ya Vijiji, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Hiyo ya vijiji inasema hakimiliki ya kimila ina hadhi sawa na ile iliyotolewa kwako. Tena mwanakijiji anaweza kuishika bila kikomo cha miaka. Kwa hiyo, usishangae, katika jambo hilo baba yangu na kihamba chake amekuzidi wewe na ramani yako yenye mihuri.

Wapimaji wa kijiji wanakuja kwetu mwezi ujao kwa ajili ya hati za kimila. Baba anataka liandikwe jina lake peke yake. Mimi nimekaa naye jioni mbili nikimwomba la mama liwe pembeni yake, maana migomba ile mama ndiye aliyeipanda. Jana alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza jina la mama linaandikwaje. Na ya Kigamboni, jina la shemeji limo?

Nisalimie wote.

Ndugu yako,
Elisante